Kianzio cha PS6 Mwanjelwa: gemu nenda, hela ya oda baki nayo

Wadau mnaonitumia meseji kuulizia lile banda la gemu la Mwanjelwa, lile la mama mmoja, upande wa mafundi simu, naomba nijibu mara moja iishe. Kucheza nenda. Kukodi CD nenda. Kutengenezesha pedi za kuchezea gemu nenda na usihangaike na fundi mwingine. Ila hii huduma yao mpya ya kuweka kianzio cha PS6, yani PlayStation 6, mashine ya gemu ya Sony ambayo bado haijatoka, laki mbili mkononi afu mashine ikitoka unakuwa wa kwanza kuipata Mbeya nzima, mi nasema kaa nayo mbali, na nitaeleza kwa nini maana kuna watu washaanza kusema nina chuki na duka. Sina chuki yoyote, pale nakaa mpaka dogo wa kaunta ananiwekea timu yangu kabla sijaongea.

Tuanze na mazuri kwanza. Ukumbi ni mdogo lakini umepangwa na mtu mwenye akili. PS4 ziko nne, PS5 mbili, zote ni zile zenye sehemu ya kuingiza CD, hilo likumbuke tutarudi kulizungumza. PS5 zina TV kubwa za ukutani zinaonesha fresh, PS4 tatu ziko poa, ya nne TV yake rangi zimeanza kukimbilia kijani, ukicheza pale timu zote zinaonekana Yanga, ikwepe. Mechi ya PS4 mia tatu, ya PS5 jero, dakika sita kila kipindi, anayefungwa analipa na anasimama kupisha mwingine, droo mnagawana. Kama wewe ni mtu wa gemu za stori, GTA au God of War, lisaa ni buku mbili kwenye PS5 na buku kwenye PS4, ila Jumamosi jioni usijaribu maana watu wa mpira hawatakuelewa ukikalia mashine lisaa zima unafukuza mazimwi.

Ukutani kuna sheria zimeandikwa kwa maka peni, na tofauti na sehemu nyingine hapa zinafuatwa kweli. Matusi faini jero. Sare ya shule huingii. Ukipiga pedi chini umeinunua. Hakuna mechi ya mkopo. Nimemuona mtu mzima kabisa, ana kitambulisho cha kazini shingoni, anatozwa jero yake kwa tusi alilotoa baada ya kufungwa dakika ya mwisho, akalipa kimya kimya na kuomba radhi, mama anamwambia "asante baba, karibu tena." Ndo maana hata wazazi wa mtaa ule hawana shida na hilo banda, na sijui ni mabanda mangapi ya gemu Mbeya unaweza kusema hivyo.

Kuhusu umeme, PS5 zote mbili zina UPS, zile betri za akiba, PS4 zina stebilaiza tu. Umeme ukikatika kwenye PS4 kabla ya mapumziko mechi inarudiwa bure, baada ya mapumziko anayeongoza anahesabiwa kashinda. Hii sheria imezaa utapeli wa watu kubana mpira nyuma kila taa ikicheza kidogo, unamkuta mtu ana bao moja dakika ya hamsini anapiga pasi kwa kipa huku anaangalia balbu, lakini angalau ipo na kila mtu anaijua. Na mwezi wa sita na wa saba, mnaoijua baridi ya Mbeya mnaelewa, mle ndani panakuwa na joto la mashine na watu, vidole vinafanya kazi, jirani kuna dada anauza chai ya tangawizi na chapati, unaweza ukasahau kwenu.

Pedi sasa. Pale nje mlangoni anakaa kijana mwenye kimeza, shughuli yake kubwa ni analogi, vile vijiti vya kumsukumia mchezaji. Kama pedi yako imeanza ule ugonjwa wa mchezaji kutembea mwenyewe kurudi golini kwake, mpelekee. Kwanza anasafisha, anajaribu, ikikubali anachukua elfu tano tu, isipokubali anabadilisha analogi nzima na ile mbovu anakukabidhi mkononi uondoke nayo. Hakuna maneno mengi. Nina rafiki alipeleka pedi ya PS5 mahali pengine katikati ya mji akarudishiwa kitufe kimoja hakibonyezeki, hapa hutapata hiyo habari.

Na CD. Hapa ndo roho ya duka ilipo kwa maoni yangu. Kuna shelfu moja ya CD za PS4 na PS5, unakodi kwa elfu tatu siku mbili, dhamana unaacha CD yako nyingine au kitambulisho. Au unabadilishana kabisa, unaleta uliyomaliza unaongeza elfu kumi au ishirini kutegemea gemu unachukua nyingine. Gemu moja ya elfu themanini inazunguka Mwanjelwa, Soweto, Mafiati, inapanda mpaka Uyole, inarudi ina mikwaruzo na bado inacheza. Wanafunzi wa MUST, chuo kikuu cha hapa Mbeya, wanachanga watatu wananunua moja. FC 26, ile gemu ya mpira, ilipotoka mwezi wa tisa 2025 niliweka pale kianzio cha elfu ishirini kabla haijafika, ikaja na basi toka Dar, mama akanipigia simu mwenyewe, nikamalizia, nikaondoka nayo. Kwa hiyo jamani sipingi kianzio kama kianzio. Kianzio cha kitu kilichopo, kina jina, kina bei, kina tarehe, pale kinafanya kazi vizuri tu.

Sasa tuje kwenye lile bango.

Limebandikwa mlangoni tangu mwezi wa kumi na moja, rangi nyeusi na bluu, "PS6 INAKUJA, WEKA ODA YAKO SASA, KIANZIO 200,000/= TU", na picha ya mashine inang'aa kama imetoka mbinguni. Hiyo picha ni ya kuchorwa na watu wa mtandaoni, Sony hawajawahi kuonesha hata kona ya hiyo mashine. Mpaka leo naandika, Desemba 2025, hakuna bei, hakuna tarehe, hata hilo jina PS6 ni sisi tunalisema kwa mazoea ya kuhesabu. Kilichopo ni kwamba mwezi wa kumi Mark Cerny, yule mzee aliyesanifu PS4 na PS5, alitokea kwenye video na Jack Huynh wa AMD, ile kampuni inayotengeneza chipu za hizi mashine, wakaongelea mambo matatu wanayoyapika pamoja. Moja ni sehemu maalumu ya chipu ya kupigia hesabu za mwanga, ile miale na vivuli na kujirudia kwa taa kwenye maji, wanaiita Radiance Cores. Ya pili ni namna ya kuziunganisha sehemu za chipu zifanye kazi ya akili bandia kwa pamoja, ili picha ndogo ikuzwe ionekane kali. Ya tatu ni kubana data zinazopita kwenye memori ili njia isizibe. Cerny akasema anatamani kuzileta kwenye konsoli, yani mashine ya gemu, ya baadaye baada ya miaka michache, na akasema kabisa kwamba saizi hivyo vitu vipo kwenye majaribio ya kompyuta tu.

Yani chipu yenyewe bado ni hesabu ndani ya kompyuta huko Marekani, ila Mwanjelwa kuna watu wana risiti.

Lakini bango limefanya kazi moja nzuri, limeleta ubishi wa maana. Zamani pale ubishi ulikuwa Messi na Ronaldo, au kwa nini Mbeya City walishuka na walivyorudi, saizi ukifika jioni unakuta bunge la konsoli. Kuna mwanafunzi mmoja wa MUST anasoma mambo ya kompyuta, huyo ni wa Xbox, mashine ya Microsoft, na anaitetea peke yake maana mle ndani hakuna Xbox hata moja. Hoja yake ni kwamba Microsoft walishatangaza mwezi wa sita 2025 kuwa wanaingia mkataba wa miaka mingi na hao hao AMD kutengeneza mashine zinazokuja, na wakasema gemu ulizonazo zitaendelea kucheza. Anasema mashine inayokuja itakuwa karibu na kompyuta kuliko konsoli, na kwamba hata Valve wenye Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, wametangaza kisanduku chao cha kuweka sebuleni, Steam Machine, kwa hiyo kwa maneno yake mnaobishana PS6 mnabishania dunia inayoisha. Anaongea vizuri sana, shida akimaliza dereva bajaji mmoja anamuuliza swali lile lile, "hiyo Xbox CD zake nani anazo Mbeya?" na mjadala unaishia hapo.

Huyo dereva bajaji ndo upinzani rasmi. Msimamo wake ni kwamba hata PS5 ilikuwa haraka, PS4 inatosha, na mwanzoni nilidhani anabisha kwa sababu PS4 ni mia tatu. Kumbe jamaa ana hoja, na siku alipoimwaga yote bunge lilikaa kimya. Akasema hebu angalieni mpira tu, msiangalie kingine, maana sisi hapa tunalipia mpira. PS2 ilitoka Japani mwaka 2000, FIFA, jina la zamani la FC, ya mwisho kwenye PS2 ni FIFA 14, ilitoka 2013. PS3 ilitoka 2006, FIFA ya mwisho kwenye PS3 ni FIFA 19, ilitoka 2018. PS4 ilitoka 2013, na FC 26 ya 2025 si hiyo hapo inachezwa kwenye PS4? Kila mashine inapewa mpira miaka kumi na mbili mpaka kumi na tatu. Basi PS5 ya 2020 pigeni hesabu wenyewe, hiyo ni mpaka 2032 huko, hiyo laki mbili mnaitoa ya nini?

Nilikagua hiyo miaka nikakuta iko sawa yote. Simpendi akinifunga lakini kwa hili nampa heshima yake.

Upande wa wanaotaka kuweka kianzio nao wana lao, tusiwadharau. Kuna mwalimu mmoja kijana, yeye anasema tusijidanganye na ile habari ya zamani ya "subiri itashuka bei". Zamani ilikuwa kweli, PS2 ilianza dola 299 Marekani mwaka 2000 ikafika dola 99 mwaka 2009, ndo maana ilijaa mpaka vijijini na ikauzwa zaidi ya milioni 160 duniani, hakuna konsoli iliyoifikia. PS5 imekataa huo utaratibu. Ilianza dola 499 ile ya CD mwaka 2020, mwezi wa nane 2025 Marekani wakaipandisha ikawa dola 549, mashine ina karibu miaka mitano bei inapanda. Na memori saizi zinagombaniwa na hawa watu wa akili bandia wanaojenga majengo ya kompyuta, bei ya memori imepaa, na konsoli haitengenezwi bila memori. Kwa hiyo mwalimu anasema anayewahi ndo anayeokoka. Hoja nzuri, ila kuna tundu katikati: kianzio cha pale hakifungi bei. Nimeisoma risiti. Imeandikwa kwa mkono, ina mhuri wa duka, ina jina na namba ya simu, afu chini "bei kamili itajulikana mzigo ukifika". Sasa umewahi nini hapo mwalimu? Umewahi kutoa hela.

Mi binafsi kinachonisumbua kuhusu hiyo mashine si miale wala vivuli. Ni ule mdomo wa CD, utakuwepo au hautakuwepo. Mashabiki wa ulaya wanabishana mashine inaonesha picha ngapi kwa sekunde, wana intaneti ya kumwaga, gemu ya GB 100 wanaishusha wakienda kupika. Sisi huku gemu ya GB 100 ni bando la mtu la muda mrefu, na mle bandani wai-fai ipo kwa ajili ya apdeti tu, na hata hiyo mama anaiwasha usiku. Na dalili zenyewe sizipendi. PS5 Pro ilitoka Novemba 2024 kwa dola 699 haina mdomo wa CD kabisa, ukitaka unaununua pembeni, dola 80. Na ukiununua, unapoufunga mara ya kwanza lazima uwe na intaneti ndo ukubaliwe na mashine. Nintendo nao mashine yao Switch 2 imetoka Juni 2025, dola 449, kuna gemu zinauzwa kama kadi kabisa unaishika mkononi, ukiichomeka unaambiwa ushushe gemu lote mtandaoni, kadi yenyewe ni ufunguo tu. Wenzetu wameelekea huko.

Sasa chukua hiyo picha uilete Mwanjelwa. Mashine isiyo na CD inamaanisha shelfu la mama limekufa. Hakuna kukodi kwa elfu tatu, hakuna kubadilishana, hakuna wale watatu wa MUST kuchanga, kila gemu inakaa kwenye akaunti ya mtu mmoja na kuinunua unahitaji kadi ya benki au vocha na bei ni ile ile ya Marekani. Na banda lenye mashine sita litahitaji gemu ile ile linunuliwe upya kwa kila akaunti, wakati leo CD moja inahama mashine kwa mashine kutegemea nani kafika. Nilimuuliza mama hili swali mbele ya bunge. Akanijibu, "mwanangu, ikija haina CD mi siinunui, nitanunua hizi za sasa mtumba." Afu huyo huyo ndo amebandika bango. Nikacheka, naye akacheka.

Na mama hesabu anajua kuliko bunge zima. Alituchambulia jioni moja wakati umeme hamna na watu wamegoma kuondoka. PS5 ya CD alinunua kwa milioni moja na laki saba. Kwa jero kwa mechi, hiyo ni mechi 3,400 kurudisha hela tu. Siku nzuri PS5 moja inapiga mechi arobaini, kwa hiyo siku 85, bado hujatoa LUKU, kodi ya fremu, dogo wa kaunta, na pedi zinazokufa. Afu akasema tuseme hiyo mpya ikija kwa bei iliyoanza nayo ile Pro, dola 699, na mdomo wa CD dola 80, dola tukiiweka 2,500 inakuja 1,947,500, ongeza VAT ya asilimia 18 unagonga kama milioni mbili na laki tatu, na hapo bado meli, bado ushuru, bado faida ya mtu wa Kariakoo, bado nauli ya mzigo mpaka huku juu. Kwa jero ni mechi 4,600. Mtakubali kulipa buku kwa mechi? Kimya. Dereva bajaji akasema hata jero anaionaga kubwa. Mama akasema basi, mmejijibu.

Sasa utauliza mtu mwenye hesabu hizi anabandikaje bango lile. Nikamuuliza, maana ukimkuta mchana watu wachache anaongea vizuri. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikaingia kwenye mada. Akasema wazo limetoka kwa msambazaji wake wa Dar, kamwambia madukani Kariakoo watu washaanza kuandikisha majina. Na akasema hiyo hela haikai, inanunua PS4 mtumba inaingia kazini, mashine ikitoka atamalizana na watu. Kwake yeye ni kama kikoba tu, watu wanaweka, hela inazunguka, siku ikifika kila mtu anapata chake. Alisema bila kuficha wala kuona aibu, na hapo ndo nikaelewa kwamba hana nia ya kumuibia mtu. Lakini mama yangu, kwenye kikoba nina hisa, nina gawio, nina siku ya kuvunja. Hapa nakupa laki mbili, unanunua PS4, nakuja kucheza kwenye hiyo PS4 kwa mia tatu, na mwisho wa siku sijui mashine inakuja lini wala bei gani. Ni mkopo usio na riba na mkopeshaji analipa kiingilio.

Nikauliza na habari ya kurudisha hela. Anarudisha, lakini anakata elfu ishirini ya usumbufu na inachukua wiki mbili. Kwenye risiti hilo halipo. Kuna jamaa kweli karudishiwa na akakatwa, kalalamika pale nje ila karudishiwa, niseme yote. Kama wataandika hilo kwenye risiti, na kama wataandika na mwisho wa kusubiri, labda mwaka mmoja usipoona tangazo hela inarudi yote, hapo angalau mtu anajua anaingia wapi.

Na tarehe yenyewe mi nakisia tu kama wengine. 2000, 2006, 2013, 2020, ukifuata hizo hatua unaangukia 2027 au 2028, na Cerny kasema miaka michache, inaendana. Tukiongeza na jinsi mizigo inavyotufikia huku, PS5 yenyewe mwanzoni ilikuwa adimu hata huko ilikotoka, watu wanaigombania, wanalangua, Mbeya tuliiona baadaye sana. Kuwa wa kwanza Mbeya maana yake bado ni kuwa nyuma ya Dar, Nairobi na kila mtu.

Kabla ya hapo kuna kitu kikubwa zaidi kinakuja na hakihitaji mashine mpya. GTA VI wameisogeza tena, saizi wamesema 19 Novemba 2026, na ni ya PS5 na Xbox za sasa. Ukiwa na laki mbili inakuwasha mfukoni, anza kuidunduliza kwa ajili ya PS5 mtumba yenye CD, ikifika hiyo siku utakuwa unacheza sebuleni kwako wakati wenye risiti wanapanga foleni ya buku mbili kwa lisaa. Ukinunua mtumba pale pale, mwambie yule kijana wa pedi aifungue mbele yako, anachukua kitu kidogo, anaangalia vumbi, feni, na kama mdomo wa CD unameza na kutema vizuri. Mama hakatai, wauzaji wengine wanakataa na ukiona wanakataa sepa.

Alama zangu basi kwa wanaopenda alama. Ukumbi wa kucheza nane kwa kumi, moja nimeikata kwa ile TV ya kijani na moja kwa choo ambacho funguo yake unaifuata duka la tatu. CD tisa. Fundi wa pedi kumi, sina la kumdai. Kianzio cha PS6 mbili, na hizo mbili ni za risiti kuwa na mhuri.

Wanafungua saa nne asubuhi, Jumapili baada ya ibada, wanafunga saa tatu usiku ila mechi ikiwa inaendelea wanavumilia. PS5 ya kushoto ndo ina pedi mpya, ya kulia kitufe cha R2 kimechoka, ukipiga shuti unabonyeza mara mbili. Mashindano ya Jumamosi kiingilio buku tatu, majina yanajaa kabla ya saa nane mchana, na ukipangwa na dereva bajaji raundi ya kwanza usichague timu ya mabeki wazito, anakimbiza sana pembeni.